Somo la Afya: Tumbo Baada ya Kutolewa Kifuko cha Nyongo



Yeyote aliyewahi kuchinja mbuzi anakijua kifuko cha nyongo: hutolewa kwa uangalifu, nyama isije ikaingia uchungu. Binadamu naye anacho, chini ya ini. Kikiwa na vijiwe vinavyoleta maumivu, daktari hukiondoa. Carl Langenbuch alifanya upasuaji huo kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882. Somo hili lahusu miezi inayofuata, wakati kidonda kimepona lakini tumbo halijatulia.

Ini ndilo linalotengeneza nyongo, nalo hubaki. Kifuko kilikuwa ghala tu: kiliihifadhi nyongo na kuitoa mtu alapo chakula cha mafuta. Ghala likiondolewa, nyongo hutiririka kidogo kidogo mchana na usiku. (Punda huzaliwa bila kifuko hicho, na kazi yake mnaijua.) Sehemu ya nyongo hiyo yaweza kufika utumbo mpana na kuuchokoza, mtu akaharisha, pengine punde tu baada ya kula. Kwa wengi hali hupungua baada ya majuma au miezi michache. Kwa wachache huendelea kwa miaka.

Mwenye tatizo hili huona haya kulisema. Huogopa safari ya basi kutoka Laela hadi Sumbawanga, hukosa mkutano mkuu, na lililo baya zaidi, huacha kula ili asiaibike njiani. Chama humhesabu kuwa mvivu, kumbe anakonda nyumbani.

Inafaa ale kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, badala ya sahani moja kubwa ya jioni. Migebuka ichemshwe au ichomwe, isikaangwe. Mafuta ya alizeti asiyaache kabisa, kwani mwili unayahitaji. Ayapime kwa kijiko. Maharage ayarudie polepole, maana huleta gesi. Pilipili na kahawa kali huwasumbua baadhi ya watu, wengine hawadhuriki. Kwa hiyo awe na daftari kama lile la kupokelea mazao: tarehe, alichokula, tumbo lilivyokuwa. Kumbukumbu za majuma mawili humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Asinunue dawa kwa kubahatisha. Kuharisha kwaweza kuletwa na amiba au minyoo, na kipindupindu kimewahi kuingia mkoani Rukwa. Akiharisha maji mengi ghafla asisingizie nyongo, awahi kituo cha afya. Ipo dawa iitwayo kolestiramini, ambayo huifunga nyongo ndani ya utumbo. Huandikwa na daktari, naye aelezwe dawa nyingine anazotumia mgonjwa, kwa sababu huweza kuzifunga nazo pia zikimezwa pamoja.

Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, choo kikipauka, au homa ya kutetemeka ikija pamoja na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, huenda kijiwe kimebaki katika mrija wa nyongo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Damu katika choo, au kukonda kusikokoma, navyo vichunguzwe bila kuchelewa.

Kwa makatibu: kabla ya mkutano mkuu, hakikisheni choo kiko karibu, kina maji na mlango unaofungika. Mwenyekiti naye amruhusu mtu kutoka na kurudi bila kumhoji mbele ya wenzake.