Pikapu Kuukuu Katika Msimu wa Mvua: Somo kwa Wamiliki wa Malampaka na Vijiji vya Jirani

Katika Malampaka na vijiji vinavyoizunguka wilayani Maswa, pikapu kuukuu hufanya kazi ambayo mahali pengine hugawanywa kwa magari matano. Hupeleka mpunga mashineni na pamba kwenye chama cha msingi, huleta bati na saruji, humkimbiza mama mjamzito hospitalini usiku wa manane, na siku ya msiba hubeba jeneza. Aghalabu gari la namna hiyo limetengenezwa kabla dereva wake hajapata leseni, pengine kabla hajazaliwa. Somo hili halikusudii kumshawishi mmiliki anunue jipya. Tunakusudia kumwonesha mahali ambapo umri wa gari hukutana na maji, ili atumie fedha kidogo mapema, kabla tope halijamlazimisha kutumia nyingi kwa haraka na bila kuchagua.

Mkoa wa Simiyu hupata mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Soko la pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Mei, kwa hiyo fedha huingia mikononi mwa watu kiangazi, na kiangazi fedha hiyo ina wadai wengi: ada, mahari, bati la nyumba, deni la dukani. Gari husahaulika kwa sababu barabara ni kavu na linatembea. Tunashauri fungu la matengenezo litengwe Julai au Agosti, wakati fundi ana nafasi na mnunuzi ana muda wa kulinganisha bei. Mmiliki anayenunua spea mwezi wa Aprili, gari likiwa limezama na mzigo ukilowana, hukubali bei yoyote na ubora wowote.

Udongo tunaoutembelea

Wasukuma waliipa ardhi yao majina kwa kadiri inavyoshuka kutoka kilimani: luseni, mchanga wa juu, itogolo, ardhi ngumu ya mteremko, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Dereva anayeyajua majina hayo ana ramani nzuri ya msimu. Luseni hupitika hata saa chache baada ya mvua. Itogolo huteleza juu ilhali chini ni kugumu. Mbuga hupasuka kiangazi na kuvimba inapolowa, na tope lake hushika kila kinachoigusa: hujaza nafasi kati ya gurudumu na bodi, huziba mapezi ya rejeta, hukaa juu ya breki na kukaukia hapo.

Barabara kuu ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi ni ya lami, na huwafanya wengi wasahau kwamba sehemu kubwa ya safari zao haipo juu yake. Ukishaacha lami, jambo la kwanza si mwendo bali maandalizi. Pikapu nyingi za zamani zinazovuta kwa magurudumu manne zina vifungio kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele, ambavyo huzungushwa kwa mkono. Vizungushe ukiwa bado mahali pakavu. Aliyekwisha kuzama atavitafuta ndani ya tope. Na ukirudi kwenye lami, rejesha gari kwenye magurudumu mawili, kwani katika magari hayo ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, na kwenye uso usioteleza kila kona huzikamua gia bila sababu. Kila mara baada ya kupita mbuga, osha chini ya gari, na usiishie kwenye milango. Kwa kawaida huoshwa sehemu inayoonekana na jirani.

Theluji ya ugenini ndani ya gari letu

Hapa kwetu hakuna theluji, lakini ipo ndani ya magari yetu. Pikapu nyingi zinazouzwa Tanzania zilitumika kwanza Japani, na nyingine Uingereza. Katika sehemu zenye baridi za nchi hizo, chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, na maji yenye chumvi hurukia chini ya gari kila siku kwa miezi kadhaa. Gari lililopita majira mengi ya namna hiyo linaweza kuwa na rangi inayong'aa na viti visivyochanika, huku chasi yake ikiwa imeliwa. Likifika hapa, unyevu wa masika huendeleza kazi ambayo chumvi iliianza.

Kwa hiyo anayenunua pikapu iliyotumika asiridhike kuizunguka. Ilazwe mkeka chini yake, mnunuzi alale chali na tochi. Atazame chasi hasa mahali springi zinapoungana nayo, na agonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholika hutoa sauti butu na kumwaga magamba. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari la miaka 20 iulizwe maswali. Zaidi ya yote atazame paipu nyembamba za chuma zinazopeleka oili ya breki kwenye magurudumu ya nyuma. Paipu iliyoliwa na kutu huweza kustahimili breki za kawaida kwa miezi mingi na ikapasuka siku mguu utakapokanyaga kwa nguvu zote, yaani siku ile ile inapohitajika. Kubadilisha paipu hizo ni kazi ya saa chache gereji. Tunaona kwamba hakuna fedha inayotumika vizuri zaidi katika gari kuukuu.

Matairi nayo huja na historia. Miongoni mwa matairi ya mtumba yamo yaliyotengenezwa kwa ajili ya theluji. Ya Japani huwa na neno STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini ili ushike barafu, na kashata zake huonekana nene na mpya, ndiyo maana hushawishi. Katika joto letu mpira huo huisha upesi, na kwenye lami yenye maji gari huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama. Usinunue tairi hilo kwa kutazama kashata peke yake. Tafuta pia ubavuni herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji anaweza kuling'arisha tairi kwa dawa, lakini tarehe hiyo imechongwa ndani ya mpira. Ndani ya mifereji ya tairi mna vijinundu vyenye urefu wa milimita 1.6, kashata ikilingana navyo, tairi limekwisha. Kwa tope la mbuga tusingesubiri kufika huko. Milimita 3 zinatosha kuwa onyo.

Jambo jingine la baridi lililomo katika maduka yetu ni herufi W kwenye kopo la oili, ambayo husimamia majira ya baridi. Katika 15W-40, namba ya kwanza hueleza jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na ya pili uzito wake injini ikiwa imepata moto. Oili nyepesi inayosifiwa kwa magari mapya si lazima iifae injini ya dizeli ya zamani iliyolegea kidogo. Fuata kitabu cha gari, si tangazo. Kadhalika dawa ya rejeta, ambayo wengi huidharau kwa kuwa maji yetu hayagandi. Dawa hiyo huzuia kutu ndani ya injini na huchelewesha maji kuchemka, na pikapu inayokwenda gia ya kwanza kwa nusu saa katika tope, rejeta ikiwa imezibwa, huchemka hata siku ya mvua.

Maji mahali pasipo pake

Maji huingia kwenye dizeli kwa njia tatu: kwa muuzaji, kwa dumu lililoachwa wazi, na kwa mvuke unaojikusanya katika tangi lililo nusu tupu usiku wenye unyevu. Mafuta ya vituoni huwekwa vinasaba tangu 2010 ili kutambua yaliyochanganywa au kukwepa kodi, lakini kinasaba hakimlindi anayenunua kwenye chupa kando ya njia. Kama huna budi, mimina kidogo katika chupa angavu na uiache itulie. Maji hushuka chini na mpaka wake huonekana. Pikapu nyingi za dizeli zina kizibo chini ya filta kwa ajili ya kutoa maji hayo. Wakati wa masika kifunguliwe kila wiki. Tangi lijazwe jioni na si asubuhi.

Baada ya kuvuka maji marefu, fundi afungue kizibo cha difu na giaboksi na kutazama oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kila kilomita inayofuata inasaga beringi. Breki nazo zikaushwe kwa kukanyaga polepole mara kadhaa gari likitembea.

Ikitokea injini imezimika ndani ya maji, usiiwashe tena. Tungependa sentensi hiyo isomwe mara mbili. Hewa hubanwa ndani ya silinda, maji hayabanwi. Injini iliyovuta maji ikilazimishwa kuzunguka hupinda mikono ya pistoni, na hasara iliyokuwa ya kukausha filta hugeuka kuwa ya kununua injini. Ivutwe hadi pakavu, fundi atoe plagi za moto au nozeli, maji yatoke kwanza.

Kuhusu kuvuka kwenyewe, drifti huwa ndiyo mahali pa uamuzi mgumu. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi huweza kuelea na gari dogo, na sentimita 60 huweza kuchukua magari mengi, zikiwamo pikapu. Mito yetu ya msimu hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, hata mahali uliposimama pakiwa na jua, na maji ya rangi ya chai hayaoneshi kama drifti bado ipo chini yake. Mito hiyo hushuka kama inavyopanda, mara nyingi kwa saa chache. Abiria watanung'unika, mwenye mzigo atapiga simu, na dereva mwenzako atakuambia yeye amevuka jana. Jana mto ulikuwa mwingine.

Kununua spea kwa namna inayokulinda

Malalamiko mengi ya spea hushindikana kwa sababu mnunuzi hana chochote mkononi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humpa nguvu mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa biashara hiyo matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo usiseme tu "nipe pedi za breki". Sema "nataka pedi za breki za mbele za Hilux yenye injini ya 3L, inayobeba mzigo", na uombe maneno hayo yaandikwe kwenye stakabadhi ya EFD au kwenye ankara iliyoambatanishwa nayo. Muuzaji atakayekataa kuandika amekwisha kukuambia jambo la maana kuhusu pedi zake.

Tunza boksi la spea hadi msimu upite. Mwagize fundi akurudishie spea ya zamani. Ni mali yako, na ndiyo ushahidi kwamba mpya ilifungwa kweli. Ukishuku bidhaa bandia, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Ubora ulio chini ya viwango ni suala la Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Katika vyote viwili, boksi na stakabadhi hutangulia maelezo.

Spea moja tungeomba inunuliwe kiangazi bila kusubiri dalili. Injini za Toyota za 2L na 3L hutumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na nyingi zina taa ya onyo yenye maandishi T-BELT. Katika pikapu kuukuu taa hiyo imekufa na kipima kilomita kimesimama, kwa hiyo hakuna ajuaye. Mkanda ukikatika, injini husimama hapo hapo na vali hupinda. Ubadilishe, kisha uandike tarehe kwa rangi kwenye kava lake, ili hata atakayekununulia gari baadaye aione.

Abiria, mzigo na bima

Pikapu inayobeba mizigo ya watu kwa malipo huhitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na leseni ya mizigo haigeuki kuwa ya abiria kwa sababu mvua imezuia basi. Tunatambua kwamba vijijini lori na pikapu ndiyo hufika. Hata hivyo anayepanda juu ya magunia ajue kwamba gari lililojaa kupita kiasi hupinduka kwa urahisi kwenye ukingo uliolegea, na kwamba kampuni ya bima inaweza kutumia kubebwa kwake kinyume cha masharti kama sababu ya kupinga madai.

Bima ndogo hulipa madhara aliyoyapata mtu mwingine, si pikapu yako iliyosombwa. Bima kubwa huweza kugharamia mafuriko, lakini si kila mkataba. Soma kipengele hicho kabla ya kulipa, na uhakiki kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) kwamba bima uliyouziwa ipo kwenye mfumo wao. Ajali ikitokea mtoni, watu watoke kwanza. Kisha, kabla gari halijavutwa, piga picha zinazoonesha namba zake, kimo cha maji kwenye milango na hali ya drifti, toa taarifa polisi na kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo, na usiruhusu fundi afungue injini mpaka mkaguzi wa bima aione au akuruhusu kwa maandishi.