Mwani Kwenye Tangi la Samaki: Anza na Taa

Mwani unaotanda kwenye tangi la samaki unaishi kwa vitu vilevile vinavyolisha mimea uliyoipanda humo: mwanga, kaboni dioksaidi, naitrojeni, fosforasi na madini kidogo. Wengi hushauri kuunyima chakula. Tulipime shauri hilo kwanza.

Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Nyuso zake zote zina jumla ya sentimita za mraba 6. Ukate uwe vipande vyenye upande wa sehemu ya mia ya milimita, ukubwa ulio karibu na wa seli nyingi za mwani. Ujazo haujabadilika, lakini nyuso sasa zimefika sentimita za mraba 6,000. Na chakula huingia kwenye seli kupitia uso wake. Ndiyo maana mwani hushiba katika maji ambayo mmea wenye majani mapana umeshaanza kuona njaa. Ukiondoa virutubisho vyote, atakayeanguka kwanza ni mmea. Majani yake yatachakaa na kuoza, amonia itaongezeka, na mwani utapata pa kushika na cha kula.

Basi tuuangalie mwanga, maana ndio unaopanga kasi ya usanisinuru, na kasi hiyo ndiyo inayopanga mahitaji mengine yote. Maji yaliyoachwa wazi kwa hewa ya kawaida huwa na kaboni dioksaidi isiyofika miligramu 1 kwa lita, na gesi hiyo husambaa majini polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Taa kali ni kama fundi anayejenga kwa pupa huku matofali yakiletwa moja moja. Carl Sprengel alilieleza hili kuhusu mashamba, na Justus von Liebig akalieneza katika karne ya 19: ukuaji hufuata kile kilicho haba zaidi. Mmea ukikwama, mwanga unaobaki haupotei, mwani unaupokea.

Anubias, mmea wa mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, huota taratibu mno. Jani lake moja hukaa miezi mingi, kwa hiyo likiwekwa chini ya taa kali huota ndevu nyeusi. Mpe kivuli. Vallisneria, anayeota pia Ziwa Tanganyika, hukua haraka na kufyonza virutubisho kwa wingi. Huyo ningempanda tele tangu siku ya kwanza.

Punguza taa hadi saa 6 au 7 kwa siku, usogeze tangi mbali na dirisha, ubadilishe theluthi ya maji kila wiki, na usiwamwagie samaki chakula wasichokimaliza. Jani lililokwisha kushikwa halitatakata, likate. Kisha subiri wiki mbili au tatu kabla ya kugusa kitu kingine, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi. Dawa zenye shaba sizipendi: huua kamba na konokono, ambao ndio wasafishaji wenyewe.

Utando wa kijani-buluu unaonuka na kubanduka kama shuka si mwani hasa, ni bakteria. Jamaa zake huchafua Ghuba ya Winam, Kisumu, kwa kulishwa na mbolea na majitaka. Baadhi yao hujitwalia naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo ukiimaliza majini, wao ndio watakaobaki wakistawi.