Kusi Ni Wakati wa Kutengeneza Vyombo vya Uvuvi

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Aprili, upepo wa kaskazi huwa umekwisha katika pwani ya Kenya, na kusi huingia pamoja na mvua za masika. Tangu Juni hata Agosti bahari huchafuka sana, na wavuvi wengi wenye vyombo vidogo, kutoka Vanga hata Kizingitini, hawawezi kutoka nje ya miamba kila siku. Wako waihesabuo miezi hiyo kuwa ya kukaa bure. Lakini mvuvi hodari aijua kuwa ni miezi ya kazi, maana chombo kilichoachwa ufuoni bila kutunzwa huharibika upesi.

Kupandisha Chombo

Siku zifaazo kupandisha chombo ni za maji ya bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, kwani ndipo maji yajaapo juu kabisa. Chombo hupwelezwa, kikavutwa juu ya magogo, kisha kikatiwa gadi pande zote mbili kisije kikalala ubavu. Farumi, nanga na kamba zote hutolewa ndani, ili kisielemewe na uzito.

Maadui Wawili

Adui wa kwanza ni mdudu wa baharini atoboaye mbao. Watu humdhania kuwa mnyoo, kumbe ni wa jamaa ya chaza. Huingia katika ubao angali mdogo sana, akakulia mumo humo, hata ubao ukawa kama sega la nyuki, na huku nje waonekana mzima. Kwa hiyo makombe na majani ya bahari yaliyoganda yakwanguliwe, kisha kila ubao ugongwe kwa mpini wa kisu. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu. Ulioliwa sauti yake hufifia. Ubao huo na utolewe, wala usifichwe kwa rangi.

Adui wa pili ni maji ya mvua. Chumvi huzuia kuvu iozeshayo mti, bali maji yasiyo na chumvi, yakituama ndani ya chombo, huilea. Yafaa chombo kifunikwe kwa makuti, na upepo upate kupita chini yake. Jua kali nalo hukausha mbao hata nyufa zikafunguka. Ndiyo sababu wazee humwagia ndani maji ya bahari maadamu chombo hakijaanza kutengenezwa.

Kalafati na Deheni

Kusi ikaribiapo kwisha, chombo huachwa kikauke, kikakalafatiwa. Pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa kwa patasi na nyundo katika kila mshono wa mbao. Kisha sehemu ikaayo majini hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Deheni ipakwe siku chache tu kabla ya kushua chombo.

Nyavu, Tanga na Mashine

Zamani nyavu za pamba zililowekwa katika maji ya magome ya mikandaa zisioze. Nyavu za nailoni haziozi, lakini jua huzidhoofisha. Zioshwe kwa maji ya kisima, zianikwe kivulini, macho yaliyokatika yashonwe, kisha zitundikwe mahali panya wasipofika. Tanga lisikunjwe lingali bichi, kwani litapata koga. Henza ikaguliwe tangu mwanzo hata mwisho, maana kamba hukatika mahali pamoja tu, napo ndipo pasipotazamwa. Ndoana zipakwe mafuta zisishike kutu.

Mwenye mashine aiendeshe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, ili chumvi iliyomo itoke. Kisha amwage petroli yote iliyosalia, na kuiweka mashine ikiwa imesimama wima. Majaketi ya kuokolea maisha yakaguliwe pia, mishono na vifungo vyake.

Faida Yake

Fikiria wavuvi wawili. Mmoja amefanya kazi hizi kidogo kidogo. Mwezi wa Novemba kaskazi ikianza na bahari ikitulia, yeye hushua chombo chake siku ile ile. Wa pili ndiyo kwanza atafute fundi, na mafundi wote wana kazi. Akiisha kukosa siku njema za samaki, humwendea tajiri kukopa, naye tajiri humfunga kumwuzia yeye samaki wake kwa bei aitakayo. Huo ni msiba wa fedha. Msiba mkubwa zaidi ni ule wa chombo kifunguacho mshono mbali na nchi kavu, na wanne watano wamo ndani yake.

Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Ni kweli kwamba yako mambo ambayo mwanadamu hayawezi. Lakini vyombo vingi vilivyozama baharini vilianza kuzama ufuoni, mwenyewe akiviona, naye akasema, "Nitatengeneza kesho."