Dondoo muhimu: Keki ya mkaa, mapambo ya watoto

Pima mayai kwanza. Mayai manne ya kawaida, bila maganda, hukaribia gramu 200. Basi siagi, sukari na unga navyo viwe gramu 200 kila kimoja, pamoja na vijiko viwili vidogo vya beking pauda. Piga siagi na sukari hadi mchanganyiko uwe mweupe. Mkono utachoka, lakini hapa ndipo keki inapopata hewa yake. Kisha changanya mayai, halafu unga na beking pauda. Iliki ya kusaga haikosekani kwangu.

Huna oveni? Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, uupashe moto, kisha weka chombo cha keki juu yake. Funika kwa mfuniko bapa na upange makaa juu. Moto wa chini uwe hafifu, wa juu ndio mwingi. Wanaounguza keki wengi hugeuza mambo. Usifunue kabla ya dakika 25. Choma katikati kwa kijiti: kikitoka kikavu, epua.

Iache ipoe kabisa. Siagi ya mapambo huyeyuka juu ya keki vuguvugu, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa ni heri kupamba jioni. Gramu 100 za siagi hubeba gramu 200 za sukari ya aisingi. Matone ya maji ya bitiruti hutoa rangi nzuri ya waridi. Ukikata kipande cha juu kusawazisha keki, wape watoto, la sivyo watachokonoa mapambo. Nazi iliyokaangwa wainyunyize wenyewe, hata ikirundikana upande mmoja.