Dondoo muhimu: Jaribio la mtindo wako wa poka

Majaribio ya mtandaoni hupima mambo mawili: unacheza migao mingi au michache, na unapandisha dau au unafuata tu. Jibu ulivyocheza kweli, hasa ulipokuwa umeshapoteza, maana hapo ndipo wengi hubadilika.

Kisha hakiki kwa hesabu. Katika Texas Hold'em, andika ni migao mingapi kati ya 100 uliyowekea fedha kwa hiari (dau la lazima lisihesabiwe) kabla ya karata tatu za mezani kufunuliwa. Kwenye meza ya watu sita, 20 hadi 25 ni kiwango cha mchezaji makini. 50 ni mingi mno, hata jaribio likusifu vipi.

Jaribio likikudai namba ya kadi ya benki, lifunge.