Mgonjwa Atembee Wapi?

Ushauri unaotolewa mara nyingi katika kliniki za kisukari na shinikizo la juu la damu ni huu: tembea nusu saa kila siku. Kitabibu hauna kasoro. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unampendekezea mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo. Misuli inayofanya kazi huchota sukari katika damu, na shinikizo nalo hushuka taratibu. Lakini mgonjwa huyo akirudi nyumbani, atatembea wapi?

Tuangalie Dar es Salaam. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970, katika mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Barabara zilitengwa kabla ya nyumba kujengwa, na viwanja ni vidogo, hivyo duka na kituo cha daladala haviko mbali na mlango wa mtu. Katika vilima vya Goba, pembezoni mwa jiji, sehemu nyingi nyumba zilitangulia, na njia ikapita palipobaki nafasi. Ukuta hutazamana na ukuta, geti na geti. Mpita njia hana pa kuketi, na akianguka hakuna wa kumwona. Hata dukani watu huenda kwa bodaboda.

Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni, ambayo baadhi yetu tuliihama tukidhani tumepanda daraja, ilikuwa na baraza mbele. Kwa mzee anayehema upesi, baraza ni pumziko kila baada ya hatua chache. Kwa mama atembeaye jioni, ni macho ya majirani. Ramani nyingi za nyumba tunazojenga leo hazina nafasi hiyo.

Kwa hiyo mhudumu wa afya aulize kwanza: njia ya kwako ikoje, na saa ngapi unaiogopa? Majibu hubadili ushauri. Asiye na njia salama anaweza kuzunguka uani, au kuomba uwanja wa shule wakati wanafunzi wameondoka. Dakika zinaweza kugawanywa, kumi alfajiri na kumi jioni, zote huhesabika. Mwenye ganzi ya miguu kutokana na kisukari asitembee peku wala kwa kandambili katika njia za mawe. Avae viatu vilivyofunika vidole na akague nyayo kila jioni, kwa kuwa kidonda asichokihisi ndicho humfikisha kwenye kukatwa mguu. Atumiaye insulini abebe kitu chenye sukari. Akihisi maumivu ya kifua, asimame na apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Nawe unayejenga sasa, kabla fundi hajachimba msingi wa ukuta, mwombe ausogeze ndani kidogo na kuweka benchi la saruji nje ya geti. Jirani mwenye shinikizo la damu atalitumia kabla yako.