Vitegemezi vya Programu: Mafunzo Niliyopata Mwaloni Kibirizi

Programu yenyewe ni ndogo: inarekodi mabeseni ya dagaa na madeni ya wachuuzi wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Nimeiandika kwa JavaScript, ingawa sehemu kubwa ya kilichomo imeandikwa na watu nisiowajua: hivyo ndivyo vitegemezi vyake.

1. Tenga kinachosafiri na kinachobaki karakana. Maktaba inayochora orodha ya madeni huenda kwa mtumiaji, hivyo hukaa kwenye dependencies, ndani ya faili la package.json. Vifaa vyangu vya majaribio hukaa devDependencies, na seva huviruka kwa npm ci --omit=dev. Mchuuzi anayepakua programu kwa bando la siku asibebeshwe mizigo ya fundi.

2. Kuna vitegemezi vinavyotaka kukuta mwenzao nyumbani (peerDependencies). Kiongezi cha React hakiji na React yake. Kinadai toleo fulani liwepo. Tangu npm 7, madai hayo yakigongana, usakinishaji hugoma. Wengi hukimbilia --legacy-peer-deps, inayopuuza madai hayo. Mimi husoma kwanza nani anagombana na nani.

3. Alama ^ si mapambo. ^1.4.2 inaruhusu 1.9 lakini si 2.0. Faili la package-lock.json, linaloshikilia matoleo kamili yaliyosakinishwa, liingie kwenye Git, basi.

4. Weka nakala karibu. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa left-pad kwenye ghala la npm. Ilikuwa mistari 11 tu, lakini miradi mingi duniani ilishindwa kujengwa. Tena, Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ya Tanzania nzima ikayumba, hata huku kwetu ziwani. Somo hilo ni la zamani hapa ziwani: meli ya Liemba ililetwa kutoka Papenburg ikiwa vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915, vita ikiwa imeshafunga njia ya bahari. Nami vifurushi vyangu vyote ninavyo kwenye diski, makasha yangu hayo.

5. Kitegemezi kikubwa kuliko vyote hakimo kwenye package.json: ni ziwa lenyewe. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, na mitumbwi hulala. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Programu inayodhani kila wiki ina mauzo ingewaita wachuuzi wote wadaiwa sugu. Kwa hiyo siku za mbalamwezi na za kufungwa ziwa nimeziweka kwenye faili lake peke yake, nje ya msimbo, ili katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, azibadilishe mwenyewe bila kunipigia simu.